Siku ya Mwisho Kilwa Inagharimu Kiasi Gani?

Familia ya watu wanne inayotoka Dar es Salaam kwenda kupumzika Kilwa Masoko kwa siku nne na usiku tatu huipata Kilwa yenyewe kwa saa 35 tu. Siku ya kwanza wanafika saa saba mchana, na watoto wakilala saa mbili usiku hizo ni saa saba. Siku ya pili na ya tatu zinatoa saa 14 kila moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya nne basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo haitoi hata saa moja. Ajabu ni kwamba siku hiyo tupu inalipiwa kama nyingine.

Tuweke bei za mfano ili hesabu isimame. Mwenye bei zake azibadilishe. Vyumba viwili vya shilingi 50,000 kwa usiku tatu ni shilingi 300,000. Chakula cha shilingi 60,000 kwa siku, mara nne, ni 240,000. Mashua ya kwenda magofuni, kiingilio na mtu wa kuwatembeza tuvipe 100,000. Nauli hatuhitaji kuibuni. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023 viliweka ukomo wa shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami kwa abiria wa daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 320, kwa hiyo kiti cha kawaida kinakuja shilingi 15,510 na cha daraja la kati 21,709. Tukiifanya 22,000, watu wanne kwenda na kurudi ni 176,000.

Jumla ni shilingi 816,000. Igawe kwa saa 35: kila saa ya Kilwa imewagharimu shilingi 23,314.

Sasa tazama siku ya nne peke yake. Nauli ya kurudi ni 88,000 na chakula ni 60,000, jumla 148,000, yaani asilimia 18 ya bajeti nzima. Katika fedha hizo, Masoko yenyewe inapata nini? Chai na maandazi ya alfajiri, kama mama lishe amewahi kuwasha jiko. Tuseme shilingi 10,000. Nyingine zote zinakwenda na basi, zinaliwa njiani na kumalizikia Mbagala. Karibu moja ya tano ya bajeti inatumika siku ambayo mji karibu hauuzi chochote na mgeni haoni chochote. Kwa maoni yangu hasara hii haitajwi inavyostahili tunapozungumzia utalii wa kusini. Tunahesabu vitanda na wageni walioingia. Saa ambazo mgeni anabaki macho mjini, akiwa na fedha mfukoni, hazina anayezihesabu.

Kwa nini watu wanaondoka alfajiri? Sababu mojawapo ni historia ya barabara. Hadi mwaka 2003 aliyesafiri kusini alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukijaa hakuna aliyejua atavuka saa ngapi, au hata siku gani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka huo. Lakini kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa tope na mchanga hadi miaka ya 2010. Basi lilianza safari gizani kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika ya kufika. Juu ya hayo palikuwa na marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyowekwa miaka ya 1990 kwa ajili ya ajali na kuondolewa mwaka 2023. Mazingira yaliyozaa tabia ya kuondoka alfajiri yamebadilika, na tabia yenyewe imebaki.

Leo barabara inahesabika. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na mabasi yasizidi 80 kwingineko. Kati ya Masoko na Dar makazi ni mengi: Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Kongowe. Tukisema theluthi ya njia ni ya kilomita 50 kwa saa, inachukua saa mbili na dakika chache. Theluthi mbili zilizobaki, kwa 80, zinachukua saa mbili na dakika 40. Jumla ni karibu saa tano, bila kusimama na bila foleni ya Mbagala. Anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi yuko nyumbani mchana mapema, akikodolea macho kuta za sebule yake, wakati angeweza kuwa bado anapepewa na upepo wa bahari.

Njia ya pili ipo, ingawa inataka mipango. Mabasi yanayotoka Mtwara na Lindi hupita Nangurukuru, njia panda iliyo kama kilomita 30 kutoka Masoko, kuanzia saa za kukaribia mchana. Familia ikilipia viti vyake mapema kwa simu, inaweza kuondoka Masoko saa tano asubuhi. Kilomita 30 zinazopungua kwenye nauli ni shilingi 2,035 kwa kila kiti, nazo zinasaidia kulipia usafiri mdogo wa kufika njia panda. Siku ya nne inatoa saa tano, jumla inakuwa saa 40, na gharama ya kila saa inashuka hadi shilingi 20,400. Tatizo ni kiti. Basi lililojaa tangu Mtwara halina huruma na mtu aliyesimama Nangurukuru na mabegi matatu na watoto wawili, na wakati wa sikukuu nisingemshauri mtu yeyote ajaribu bila tiketi mkononi.

Wenye gari lao wana hesabu nyingine. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 32 kwa safari moja. Kwa petroli ya shilingi 3,000 hiyo ni 96,000, na kwenda na kurudi ni 192,000. Kwa watu wanne ni shilingi 16,000 tu zaidi ya basi la daraja la kati. Kwa wawili ni zaidi ya mara mbili ya nauli, hivyo wapenzi wawili waliokwenda kupumzika wana kila sababu ya kupanda basi. Familia yenye gari ikiondoka saa saba mchana na kupumzika njiani inafika Dar kwenye saa kumi na mbili na nusu, kabla giza halijashika. Siku ya nne inawapa saa saba. Jumla ya gharama ni 832,000, saa ni 42, na kila saa ni shilingi 19,810.

Saa hizo tano au saba zifanywe nini? Hapa anayeamua ni bahari. Katika pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne ndipo maji yapo juu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mgeni ambaye siku yake ya mwisho imeangukia bamvua akishuka ufukweni saa nne atakuta bahari imekwenda mbali, mitumbwi imelala ubavu, na kina mama wameinama miambani wakitafuta pweza. Anaweza kutembea mbali juu ya mchanga ambao jana jioni ulikuwa chini ya maji ya kumfika kifuani. Kuogelea hakuna. Mwenye watoto waliobeba maboya ajue hilo kabla hajachagua tarehe, na kujua hakumgharimu kitu: aangalie mwezi, au amuulize mvuvi yeyote pale gatini.

Saa nne asubuhi ndiyo pia saa ambayo gesti nyingi hutaka mgeni awe amekabidhi ufunguo. Siku ya bamvua, chumba kinafungwa saa ileile bahari inapokimbia. Ndiyo maana ninashauri Kilwa Kisiwani kiachwe kwa asubuhi ya mwisho. Kisiwa kiko kama kilomita mbili ng'ambo ya Masoko. Ukivuka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado pole, unapata ngome ya Gereza, Msikiti Mkuu na makaburi, kisha matembezi marefu hadi kasri la Husuni Kubwa, na saa nne umerudi. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, usithubutu kuiweka siku ya kuondoka. Safari yake ni ndefu, na maji yakipwa mashua haisogei karibu; utatembea kwenye matope ya mikoko, na huko ndiko basi litakuacha. Iweke siku ya pili.

Kisiwani kinafaa siku ya mwisho kwa sababu nyingine pia. Mji ule ulijengwa kwa fedha za watu waliolazimika kuondoka kwa tarehe. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, pepo za Desemba hadi Machi, na kurudi na kusi, upepo unaoanza kuvuma Aprili. Kilwa iko digrii 9 kusini ya ikweta, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa safari ambayo chombo kingeweza kuifanya, kufanya biashara, na kurudi kwao katika msimu mmoja. Dhahabu ilitoka Sofala, digrii 20 kusini. Tajiri aliyeifuata mwenyewe mpaka huko alikuwa kwenye hatari ya kukosa upepo na kulala mwaka mzima ugenini, akilisha mabaharia wasio na kazi. Kilwa ikamwuzia suluhisho: vyombo vyake vilikwenda Sofala, dhahabu ikamsubiri mgeni bandarini, na mgeni akawahi siku yake ya mwisho. Tofauti ya bei kati ya Sofala na Kilwa ndiyo iliyoujenga mji.

Ilitosha kujenga mengi. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta madarakani alipofika mwaka 1331, alijenga Husuni Kubwa yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane lililotazamana na bahari, na akaupanua Msikiti Mkuu. Yote kwa matumbawe na chokaa. Ibn Battuta mwenyewe aliondoka kwa upepo kuelekea Dhofar. Magofu haya na yale ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Mji ambao miaka 700 iliyopita ulitajirika kwa kuthamini wakati wa mgeni unastahili kufanya hivyo tena.

Njiani kuelekea Nangurukuru, barabara ya Kilwa Kivinje inachepuka. Mwenye gari asipite bila kuingia, hata kwa nusu saa. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Takwimu za forodha zilizofikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zinaonyesha watu 97,203 waliosafirishwa kutoka Kilwa katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867. 76,703 kati yao walipelekwa Zanzibar. Gawanya: ni zaidi ya watu 19,000 kwa mwaka, watu 53 kila siku ya Mungu. Waliletwa kwa miguu, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na siku yao ya mwisho katika ardhi ya bara ilikuwa hapo. Hao ni waliopita forodhani tu. Mtoto aliyecheza siku tatu kwenye mchanga wa Masoko ana umri wa kuambiwa habari hii, na ni haki yake aisikie akiwa amesimama mahali penyewe.

Turudi kwenye shilingi. Mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii wa ndani 3,218,352 na wa kimataifa 2,141,895. Zanzibar peke yake ilipokea wageni 736,755. Tuchukue asilimia moja tu ya watalii wa ndani, watu 32,184, na tuwaweke pwani ya Kilwa na Lindi kwa mwaka mmoja. Kila mmoja akibakiza shilingi 20,000 za kutumia siku yake ya mwisho badala ya kuondoka alfajiri, yaani chai nzito, mashua, korosho kilo moja na samaki wa kuchoma, ni karibu shilingi milioni 644. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, ni mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, mara 400 ya kiasi hicho. Kwa hiyo tusidanganyane: siku ya mwisho ya watalii haitaubadilisha peke yake mkoa wa Lindi, uliokuwa na watu 1,194,028 katika sensa ya 2022. Ila fedha hizi hazisubiri mkandarasi, na zinaingia moja kwa moja kwa nahodha wa mashua, mama lishe, mwenye bajaji na kijana wa korosho. Fedha ya siku ya mwisho ina sifa hiyo kuliko fedha ya siku nyingine yoyote, kwa kuwa mgeni ameshalipa chumba na kilichobaki anakinunua kwa mkono.

Somanga inaonyesha jambo hili waziwazi. Basi likipunguza mwendo tu, sinia za samaki wa kukaanga na kamba zinapanda hadi usawa wa madirisha, mchuuzi anakimbia sambamba na tairi, chenji inarushwa ndani. Dakika chache zinatosha kuuza. Biashara hii imejengwa na watu wenyewe juu ya ukweli kwamba abiria anayerudi nyumbani anataka kubeba kitu. Masoko, ambako abiria huyo amelala usiku tatu, bado haina sehemu inayojulikana ya kumuuzia korosho, ufuta au mkeka kabla hajapanda gari, na kila shilingi anayoitoa dirishani kilomita 60 au zaidi mbele ni shilingi ambayo angeitoa kwa mwenyeji wake.

Kuna gharama moja ya siku ya mwisho ambayo watu huisahau mpaka iwapate: mvua. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, barabara ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Kwa familia yetu ya mfano, kila usiku wa ziada ni shilingi 100,000 za vyumba na 60,000 za chakula. Anayekwenda kati ya Machi na Mei atenge 160,000 pembeni na asiziguse. Asipozihitaji, arudi nazo. Asiyeweza kuzitenga asubiri Juni, barabara ikiwa imekauka.

Mabadiliko yanayohitajika kwa wenye gesti ni madogo, na kodi haiwezi kuwa kisingizio. Kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Gesti ya vyumba kumi vya shilingi 50,000, ikijaa kila siku bila kukosa hata moja, inauza milioni 182.5. Haifiki. Katika hoteli iliyosajiliwa, kila 100,000 ya bili inayotozwa VAT ya asilimia 18 ina shilingi 15,254 za kodi hiyo ndani yake; katika gesti ndogo mwenye nyumba ana nafasi ya kupanga bei ya nusu siku anavyoona. Chumba ambacho hakuna anayekisubiri mchana huo hakimgharimu kitu kikikaa na mgeni hadi saa saba, isipokuwa shuka kufuliwa saa tatu baadaye.

Basi mwenye gesti aseme hivi wakati mgeni anapokea ufunguo siku ya kwanza: chumba kimoja kati ya viwili mnaweza kubaki nacho siku ya mwisho hadi saa saba mchana kwa shilingi 15,000, mabegi yakae humo, watoto wakitoka kisiwani waoge chumvi. Ile familia yenye gari itafika jumla ya shilingi 847,000 kwa saa 42, yaani shilingi 20,167 kwa saa. Bado ni nafuu kwa shilingi 3,147 kila saa kuliko ya waliopanda basi la alfajiri, na hiyo 15,000 imebaki Masoko.